Barua ya wazi kwa wanaotoa leseni za tiba ya seli shina: daftari liko wapi?

Kwa mawaziri wa afya, wakuu wa mamlaka za dawa na wajumbe wa kamati za maadili ya utafiti

Waheshimiwa,

Marehemu baba yangu alikuwa mtunza stoo kwa miaka 31. Juu ya meza yake ya kazi alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huipita methali hiyo kama wanavyopita kalenda ya mwaka jana. Yeye aliiishi. Kilichoingia kiliandikwa, kilichotoka kiliandikwa, na kilichovunjika kiliandikwa kwa wino mwekundu. Alikuwa akisema kwamba daftari lisilo na wino mwekundu limeandikwa na mwongo.

Alipougua ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, ulianzia kwenye vidole vya mkono wa kulia. Ilimtoka kalamu kwanza, kisha kijiko. Ndipo alipokuja nyumbani wakala wa kliniki moja, kijana mwenye adabu na kompyuta ya mkononi. Akatueleza kwamba uboho wa baba mwenyewe una seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, kwamba zitafyonzwa kutoka mfupa wa nyonga, zitadungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na humo zitageuka kuwa neva mpya. Akatuonyesha video ya mtu aliyetoka kwenye kiti cha magurudumu na sasa anapanda ngazi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza mambo mawili: walioanza ni wangapi, na leo wako wapi? Kijana akairudia video. "Mwanangu, hiyo ni picha," baba akamwambia kwa ulimi uliokwisha kuwa mzito. "Mimi nimeuliza daftari." Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akaongeza lake: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kijana aliahidi kutuma takwimu. Niliandika, nikakumbusha, nikapiga simu. Miezi 11 baadaye nilikuwa nimepokea video nyingine nne.

Nawaandikia nyinyi kwa sababu mimi sina uwezo wa kulidai daftari lile, na nyinyi mnao.

Msinisome vibaya. Sipingi seli za uboho. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukisoma kuhusu jambo hili, na baadhi ya nilichokikuta ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo udaktari umefanya katika maisha yangu. Kinachonitia wasiwasi ni kuona leseni zikitolewa kwa jina. Mtu anaandika "tiba ya seli shina kwa magonjwa ya neva" kwenye fomu, na fomu inapita, kana kwamba maneno hayo yanataja kitu kimoja. Yanataja vitu vitatu ambavyo havifanani hata kidogo: kimoja kinaponya kwa namna yake, cha pili kinaponya kwa namna nyingine na kwa sharti gumu, na cha tatu bado ni swali.

Hata seli zenyewe si za aina moja. Ndani ya uboho mna seli shina za damu, ambazo James Till na Ernest McCulloch walizithibitisha kwa panya huko Toronto mwaka 1961. Kazi ya seli hizi ni kutengeneza damu na askari wa kinga ya mwili, basi. Pembeni yake mna seli nyingine, za kiunzi, zinazoweza kujenga mfupa, gegedu na mafuta, na zinazowatunzia makao zile za damu. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Marekani alizipa hizi za pili jina la seli shina za mesenkima, na jina likaenea dunia nzima. Mwaka 2017 Caplan huyohuyo aliandika akiomba libadilishwe, kwa sababu linawafanya watu waamini kwamba seli hizi zikiingia mwilini hugeuka kuwa tishu mpya, ilhali linaloonekana zaidi ni kwamba hutoa kemikali za kuzipa ishara seli za jirani. Aliyezipa jina ndiye aliyeomba libadilishwe. Kliniki zinazotangaza kwa jina hilo hazikumsikia.

Sasa kazi ya kwanza kati ya zile tatu. Katika ugonjwa wa MS, askari wa kinga ya mwili hugeuka wakaushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Madaktari humpa mgonjwa dawa ya kuzisukuma seli shina za damu kutoka kwenye uboho ziingie kwenye mzunguko wa damu, wakazichuja, wakazigandisha. Kisha humpiga kemo kali, dawa za kuua seli, inayowaondoa askari walioasi. Mwisho humrudishia seli zake zijenge jeshi jipya. Tazameni vizuri, waheshimiwa: hapa hakuna seli hata moja inayotarajiwa kuwa neva. Kinachotibu ni kemo. Seli shina zipo kumwokoa mgonjwa asife kwa kemo hiyo.

Na tiba hii ina daftari. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 110 wa MS ya kurudiarudia, waliogawanywa kwa kura: nusu wapandikizwe, nusu waendelee na dawa za kawaida. Katika waliopandikizwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watu 3. Katika wale wengine, 34. Miaka mitatu kabla, mwaka 2016, madaktari wa Kanada walikuwa wametoa taarifa ya wagonjwa 24 waliopewa kemo kali zaidi. Waliobaki hawakupata shambulio jipya katika muda wote waliofuatiliwa, lakini mmoja alikufa kwa madhara ya matibabu. Madaktari wale hawakumficha mgonjwa huyo kwenye kona ya jedwali. Alitajwa wazi pamoja na mafanikio. Ni wino mwekundu, na ndio unaonifanya niyaamini na yale mengine waliyoyaandika. Tunajua pia tiba hii haimfai nani: yule ambaye mashambulio yalikwisha kitambo na neva zinakufa polepole zenyewe hapati mengi, kwa sababu jeshi jipya halifufui neva iliyokufa.

Kazi ya pili inanigusa zaidi, pengine kwa kuwa wagonjwa wake ni watoto. Kuna magonjwa ya kurithi ambayo mwili hukosa kimeng'enya au protini moja tu, mafuta au sukari zisizovunjwa zikarundikana, na ubongo ukaanza kuharibika. Adrenolukodistrofi ni mmojawapo, lukodistrofi metakromatiki mwingine, na ugonjwa wa Hurler pia umo. Mtoto anazaliwa mzima, anatembea, anaongea, halafu siku moja mwalimu anagundua kwamba hasikii vizuri au mwandiko umeharibika. Kwa magonjwa haya uboho wa mtu mwingine unaweza kumfaa, kwa njia ambayo mimi niliposoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa. Baadhi ya seli zinazotokana na uboho huo husafiri hadi ndani ya ubongo, zikakaa humo kama wafagizi na walinzi, zile seli ziitwazo mikroglia. Katika magonjwa ya kukosa kimeng'enya, humwaga kimeng'enya kinachokosekana na majirani zao wakakichukua. Hata hapa hazigeuki kuwa neva. Ni wapagazi wa dawa.

Mwaka 1990 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za mvulana mwenye adrenolukodistrofi ambaye baada ya kupandikizwa uboho dalili zake za mwanzo zilirudi nyuma. Mwaka 2009 huko Paris wakafika mbali zaidi: walichukua seli za damu za watoto wenyewe, wakaziingizia jeni nzima kwa kutumia virusi vya UKIMWI vilivyong'olewa meno, wakazirudisha. Kwa lukodistrofi metakromatiki kazi kama hiyo ilifanywa Milan, na Umoja wa Ulaya ukaiidhinisha mwaka 2020, Marekani mwaka 2024. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 4.25 kwa mtoto mmoja. Nitairudia hiyo baadaye.

Daftari la hapa nalo lina wekundu wake, tena mzito. Katika watoto 67 waliopewa tiba ya jeni ya adrenolukodistrofi kwenye majaribio, 7 walipata saratani ya damu, kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2024. Mzazi anayekaa mbele ya daktari leo anaambiwa hatari hiyo kabla ya kutia sahihi. Ni uamuzi mchungu, ila anauamua akiwa anaona.

Sharti gumu nililolitaja ni muda. Upandikizaji huu hufaa kabla dalili hazijaonekana au zikiwa changa kabisa. Mtoto akishaacha kutembea, treni imeondoka. Ndiyo maana mwaka 2016 Marekani iliiweka adrenolukodistrofi kwenye orodha ya magonjwa yanayopendekezwa kupimwa kwa watoto wachanga, kwa tone la damu kutoka kisiginoni. Kama mnataka jina lenu likumbukwe katika habari za seli shina na ubongo, lango ni hilo: kipimo cha kisigino, na wodi ya kupandikiza uboho inayoweza kumpokea mtoto ndani ya wiki, si mwaka. Hakuna wakala anayetembea nyumba kwa nyumba kuuza kipimo cha kisigino, kwa hiyo hamtasikia kelele zake. Na dola milioni 4.25 hazitashuka zenyewe. Mashirika ya umma na fedha za hisani zilichangia sana mwanzo wa utafiti huu, kwa hiyo mnapokaa mezani na watengenezaji mna haki ya kusema hivyo kwa sauti.

Hapo ndipo tunafika kwenye kazi ya tatu, ile aliyotuuzia kijana: kukarabati neva.

Imani hii haikuzuka mtaani. Ilizaliwa maabara, na watu makini. Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti yalieleza kwamba seli za uboho zilizopandikizwa kwenye panya zilionekana ubongoni zikiwa na alama za neva. Mwaka 2003 wengine walichunguza ubongo wa wanawake waliofariki ambao zamani walipandikizwa uboho wa wanaume, wakakuta kromosomu Y, ya kiume, ndani ya neva chache. Mtu angefanyaje asishangilie? Lakini wengine walitazama kwa makini zaidi, na ikaonekana kwamba seli ya uboho inaweza kuungana na neva iliyokuwapo tayari, zikawa kitu kimoja chenye kiini cha ziada. Neva mpya haikuzaliwa. Mgeni alikuwa ameingia nyumba ya mtu. Makala mashuhuri kuliko zote, ile ya mwaka 2002 iliyodai kwamba uboho wa panya una seli zinazoweza kuwa karibu tishu yoyote, ilitajwa na watafiti wengine zaidi ya mara 4,000. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2024, miaka 22 baadaye, kwa sababu ya picha zisizoaminika. Katika miaka hiyo 22 ni wagonjwa wangapi waliodungwa kwa kutegemea dhana ile? Hapo tena, hakuna aliyewaandika.

Wanasayansi wengi wa kweli walikwisha kuiacha ndoto ya neva mpya zamani. Wanachokijaribu leo ni kitu cha unyenyekevu zaidi: kwamba seli za kiunzi huenda zikatuliza uvimbe na kutoa kemikali za kuzisaidia neva zilizobaki. Ni wazo zuri. Limejaribiwa kwa haki, na majibu yamekuwa ya kuchanganya. India iliwapa wagonjwa 120 wa kiharusi kura ya kupata au kutopata seli za uboho wao kwa njia ya mshipa. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba hazikudhuru, wala hazikusaidia. (Seli nyingi za kiunzi zikidungwa mshipani hunasa kwenye mapafu kabla hazijauona ubongo. Hili wakala hakulitaja.) Kampuni moja ilichukua seli za uboho ikazibadilisha, zikapandikizwa moja kwa moja ndani ya ubongo. Kwa kiharusi cha siku nyingi jaribio lilishindwa mwaka 2019. Kwa watu waliojeruhiwa kichwani, baada ya miezi 6 waliopewa seli walisogea vizuri zaidi kuliko waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza, na Japani ikatoa kibali cha masharti mwaka 2024. Seli zilezile, majeraha mawili tofauti, majibu mawili tofauti. Leseni ya jumla ya "magonjwa ya neva" ingewezaje kuyabeba yote mawili?

Na ALS, ugonjwa wa baba. Jaribio kubwa lilikuwa na wagonjwa 196. Walitolewa uboho, seli zikaoteshwa na kufundishwa kutoa virutubishi vya neva, zikadungwa kwenye maji ya uti wa mgongo mara tatu. Nusu walidungwa sindano tupu, isiyo na seli, bila kujua. Tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuletwa na bahati peke yake. Mwaka 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura 17 kwa 1 kwamba ushahidi hautoshi, mmoja akajizuia, na kampuni ikaondoa maombi yake. Wagonjwa walikuwa wamekuja wenyewe kwenye kikao kile kueleza walivyopata nafuu. Siwadharau, ningekuwa mimi ningekwenda na baba mgongoni. Lakini katika jaribio hilo kuna namba moja ambayo ningependa kila mmoja wenu aijue kwa moyo: zaidi ya robo ya waliopewa sindano tupu nao walionekana ugonjwa umepunguza kasi. Zaidi ya robo, kwa maji tu. ALS haiendi kwa mwendo mmoja. Hukimbia, hutulia, hukimbia tena. Kliniki ikidunga watu 100 haitakosa 25 wa kuwapiga video. Kwa hiyo video za kijana huenda hazikuwa za uongo hata kidogo, na bado zisithibitishe kitu.

Japani ilijaribu njia ya katikati kwa waliovunjika uti wa mgongo. Desemba 2018 iliidhinisha kwa masharti, kwa miaka 7, seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, kwa ushahidi wa wagonjwa 13 wasio na kundi la kulinganisha. Waliodungwa walikuwa bado kwenye wiki za mwanzo baada ya ajali, kipindi ambacho wengi hupata nafuu kiasi hata bila tiba hiyo. Watafiti wa nchi nyingine walilalamika, na mimi nadhani walikuwa na haki. Ukiruhusu kwanza na kupima baadaye, nani atakubali kuingia kwenye kundi la sindano tupu wakati ya kweli inauzwa dirisha la pili?

Naomba mnivumilie niwapeleke Italia, maana pale waliokosea hawakuwa wagonjwa wala madaktari. Walikuwa watu wa vyeo kama vyenu. Davide Vannoni, mwalimu wa chuo kikuu katika fani ya saikolojia, si daktari, alidai kwamba anaweza kugeuza seli za uboho kuwa neva kwa kuzilaza kwa saa chache kwenye mchanganyiko wa kemikali mbili. Kipindi cha televisheni kilionyesha watoto wagonjwa na wazazi wanaolia. Watu wakaandamana Roma. Mahakimu, mmoja baada ya mwingine, wakaiamuru hospitali ya umma ya Brescia iwadunge watoto fulani kwa majina. Machi 2013 serikali ikatoa amri kwamba waliokwisha kuanza waendelee, na Mei bunge likatenga yuro milioni 3 kwa ajili ya jaribio. Hayo yote yalitangulia kabla mtu yeyote wa nje hajaona njia yenyewe inafanyikaje. Julai ya mwaka huo ikagunduliwa kwamba picha iliyowekwa kwenye maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ikiwa ni ushahidi wa uboho kugeuka neva, ilitoka kwenye makala ya watafiti wengine ya mwaka 2003. Kamati ya wataalamu ikaikataa njia hiyo. Mahakama ikasema kamati ile ilikuwa na upendeleo. Kamati ya pili ikaundwa, nayo ikaikataa mwaka 2014. Mwaka 2015 Vannoni alikubaliana na waendesha mashtaka akahukumiwa kifungo kilichoahirishwa. Wanasayansi watatu waliokuwa wakipiga kelele tangu mwanzo, Elena Cattaneo, Paolo Bianco na Michele De Luca, walitukanwa kama watu wasio na huruma.

Sidhani wabunge wale walihongwa. Nadhani walikuwa watu wazuri walioona mtoto anakufa kwenye skrini wakataka kufanya kitu usiku uleule. Nyinyi nanyi mtakutana na usiku wa aina hiyo, kama hamjakutana nao bado. Na mtaulizwa: mgonjwa anakufa tayari, ana nini cha kupoteza?

Nawajibu mimi niliyekuwa chumbani. Baba alikuwa na mengi ya kupoteza. Alikuwa na miezi ambayo bado aliweza kumeza. Alikuwa na nyumba, ambayo wakala alituuliza kwa upole kama ina hati. Alikuwa na uti wa mgongo usio na maambukizi. Mwaka 2010 mtoto wa miezi 18 alikufa Düsseldorf, Ujerumani, baada ya kudungwa seli za uboho ubongoni, katika kliniki iliyokuwa ikifanya kazi kwenye mwanya wa sheria. Ilifungwa mwaka uliofuata. Mfa maji hukamata maji, na hatumlaumu. Lawama ni ya anayesimama ukingoni akimuuzia maji hayo, na ya aliyempa kibali cha kusimama pale.

Kitu kilichomsaidia baba kilikuwa barakoa ya mashine ya kupumulia usiku. Tangu mwaka 2006 kuna jaribio lililoonyesha kwamba mashine hiyo huwarefushia maisha baadhi ya wagonjwa wa ALS na kuyafanya yawe ya kuvumilika. Alichukia kelele yake. Lakini alilala, na asubuhi kichwa hakikumuuma, na kwa miezi kadhaa aliweza kutusimulia habari za stoo. Tuliipata kwa kuchelewa na kwa kuomba sana. Ninyi mnaonyima leseni isiyo na ushahidi mnafanya haki, mradi mkono wa pili utoe kitu: mashine, kiti, mtaalamu wa viungo, mtu wa kufundisha familia namna ya kumlisha anayepaliwa. Mgonjwa aliyeambiwa tu "hapana" atakwenda mlango wa nyuma, na huko kijana anamsubiri.

Sasa ninachoomba. Kazi ya kwanza na ya pili zipewe wodi, bajeti na vipimo, kwa majina yake halisi na kwa magonjwa yake halisi. Ya tatu iruhusiwe, narudia, iruhusiwe, lakini ndani ya jaribio lililoandikishwa hadharani kabla ya sindano ya kwanza, lenye kundi la kulinganisha. Na mgonjwa asilipe hata senti. Hili la malipo ndilo nisilotaka mliache likapita kama kifungu kidogo. Mtu akilipa, anakuwa mteja, na mteja haambiwi kwamba huenda akapewa sindano tupu. Anayelipwa naye hana sababu ya kupiga simu mwaka mmoja baadaye kuuliza kama mteja yu hai. Kliniki ambayo haiwezi kuishi bila kumtoza mgonjwa wa jaribio imekwisha kuwaambia biashara yake ni ipi.

Mtasema majaribio ni ghali. Ni ghali kweli, na kampuni hazikimbilii seli za mtu mwenyewe, maana ni vigumu kuziwekea hataza. Basi hiyo ni kazi ya fedha ya umma. Yuro milioni 3 zilipatikana Italia kwa ajili ya kitu kisichokuwapo.

Wiki hii au ijayo, mmoja wenu atafungua faili lenye maombi ya kliniki. Ndani mtakuwa na vyeti vya maabara, picha za vyumba safi, barua za shukrani. Kabla ya kugonga mhuri, itisheni ukurasa mmoja wenye mistari minne: wangapi walidungwa tangu siku ya kwanza, wangapi walifuatiliwa kwa miaka 2, wangapi walikufa au walizidiwa, wangapi hawajulikani walipo. Uwe na sahihi ya daktari anayeweza kushtakiwa kwa uongo wake.

Mkiupata ukurasa huo kutoka kliniki yoyote iliyomtoza mgonjwa, naomba nakala. Mimi nilisubiri miezi 11 nikaukosa, na baba hakungoja.

Mimi, mtoto wa mtunza stoo